Lillian Randolph: Sauti ya mama asiyeonekana uso

Vizazi kadhaa vya watoto, wakiwemo wa Afrika Mashariki, vimekua vikicheka visa vya paka Tom na panya Jerry. Ni wachache wanaomfahamu mwanamke mweusi aliyempa sauti mama mwenye nyumba, yule ambaye kwenye kioo huonekana miguu tu.

Tarehe 10 Februari mwaka 1940 kampuni ya filamu ya Metro-Goldwyn-Mayer, maarufu kwa jina la MGM, ilitoa filamu fupi ya katuni ya dakika zipatazo tisa, iliyoitwa Puss Gets the Boot. Wahusika wake ni watatu: paka wa kijivu aitwaye Jasper, panya asiyetajwa jina, na mtumishi wa nyumbani, mwanamke mweusi ambaye mtazamaji hauoni uso wake. Huonekana miguu yake, ndara zake, sketi na aproni. Na husikika sauti yake.

Siku 19 baadaye, tarehe 29 Februari, katika hoteli moja mjini Los Angeles, mwigizaji Hattie McDaniel alipewa tuzo ya Oscar kwa nafasi ya mtumishi aliyoiigiza katika filamu ya Gone with the Wind. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Usiku ule aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake weupe.

Mwanamke aliyesikika katika katuni ile hakualikwa kwenye meza yoyote, wala jina lake halikuandikwa katika filamu. Aliitwa Lillian Randolph.

Binti za mhubiri

Lillian Randolph alizaliwa tarehe 14 Desemba mwaka 1898 huko Knoxville, katika jimbo la Tennessee. Dada yake, Amanda, ambaye naye alikuja kuwa mwigizaji, alikuwa amezaliwa miaka miwili kabla, mwaka 1896, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Baba yao alikuwa mhubiri wa kanisa la Methodist na mama yao mwalimu. Kwa sababu ya kazi ya baba, familia ilihamahama, na hatimaye tunawakuta kaskazini, Cleveland, katika jimbo la Ohio.

Jiografia ya safari hiyo ina historia yake. Louisville imejengwa kwenye ukingo wa kusini wa mto Ohio. Kabla ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, mto huo ulikuwa mpaka: upande wa Kentucky mtu mweusi aliweza kuuzwa sokoni, upande wa pili hakuweza. Watumwa waliotoroka waliuvuka usiku, wakapita Columbus na miji mingine ya Ohio kuelekea ziwa Erie, na kutoka miji ya kando ya ziwa, kama vile Cleveland na Buffalo, wakatafuta njia ya kuingia Kanada, ambako sheria ya kuwarudisha kwa mabwana zao haikuwafikia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 njia hizo hizo zilikuwa za reli. Safari hii waliopita hawakuwa watumwa watoro bali wafanyakazi na familia zao, wakiyakimbia mashamba ya Kusini na sheria za ubaguzi. Hadi kufikia mwaka 1970 watu weusi wapatao milioni sita walikuwa wamehama Kusini. Wengi waliishia katika miji yenye viwanda: Chicago, Detroit, Cleveland, Buffalo.

Huko Cleveland, Amanda, akiwa na umri wa miaka 14, alianza kujipatia fedha kwa kupiga piano na kinanda cha kanisani. Lillian alikuwa na sauti ya kuimba, na sauti hiyo ikampeleka kwenye redio, kwanza Cleveland na baadaye Detroit.

Kufundishwa lahaja

Detroit ndiko kulikotokea jambo ambalo lingeacha alama katika kazi yake yote. Katika kituo cha redio cha WXYZ alionwa na mmiliki wake, George W. Trendle, ambaye ndiye aliyekitoa kipindi mashuhuri cha The Lone Ranger. Trendle alimpatia mafunzo ya uigizaji wa redio. Lakini kabla ya kupewa nafasi yoyote, Lillian alilazimika kufundishwa kwa muda wa miezi mitatu namna ya kuzungumza kama mtu mweusi.

Huyu ni binti wa mwalimu, aliyezungumza Kiingereza kama alivyokisikia nyumbani kwao na kanisani. Kiingereza hicho hakikufaa. Kilichotakiwa ni lahaja ya weusi kama watu weupe walivyoizoea jukwaani: ya maneno yaliyokatwakatwa, yenye kuchekesha, isiyo na elimu.

Ajabu hiyo haikuwa ya Detroit peke yake. Kipindi cha redio kilichopendwa kuliko vyote Marekani wakati ule, Amos 'n' Andy, kilihusu maisha ya watu weusi, lakini waliokibuni na kuigiza wahusika wake wakuu walikuwa wanaume wawili weupe, Freeman Gosden na Charles Correll. Baadaye, katikati ya miaka ya 1940, hata mtumishi mweusi wa kike aitwaye Beulah aliigizwa redioni na mwanamume mweupe, Marlin Hurt. Mwigizaji mweusi aliyetaka kazi alipaswa kumwiga mtu mweupe aliyekuwa akimwiga yeye.

Lillian alijifunza, na akapata kazi. Mwaka 1936 alihamia Los Angeles, akashiriki katika kipindi cha redio cha mwimbaji Al Jolson, na usiku akawa anaimba katika Club Alabam, ukumbi mashuhuri wa muziki katika mtaa wa Central Avenue, uliokuwa kitovu cha maisha ya watu weusi wa mji huo.

Paka, panya na mama

Katuni ya mwaka 1940 ilitengenezwa na vijana wawili wa studio ya MGM, William Hanna na Joseph Barbera, ingawa filamu yenyewe ilimtaja msimamizi wao, Rudolf Ising, peke yake. Wakuu wa studio hawakuitarajia mema. Mbio za paka na panya zilikuwa hadithi ya zamani, na hakuna aliyedhani kwamba bado kuna jipya la kusemwa.

Jipya lilikuwapo, nalo lilitokana na mama yule. Paka Jasper anamtesa panya kwa kumchezea, na katika purukushani anavunja chombo cha maua. Mama anamwonya: akivunja kitu kingine chochote, atatupwa nje. Panya anasikia. Kuanzia hapo ugomvi unabadilika. Panya anapanda juu ya meza, anashika bilauri na kutishia kuiangusha, na paka, mwenye makucha na meno, anabaki akimbembeleza. Anatandika mito sakafuni ili kisivunjike kitu. Mwishoni anabaki amebeba mnara wa sahani, panya anampiga teke, sahani zote zinaporomoka, na mama anatimiza ahadi yake.

Waswahili husema paka akiondoka, panya hutawala. Katika katuni hii panya anatawala paka akiwa yumo nyumbani, kwa sababu amefahamu kwamba juu ya paka yuko mwenye amri. Bila sauti ile ya onyo kusingekuwa na kisa, kungekuwa na mbio tu.

Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, lakini ikashindwa na katuni nyingine ya MGM. Ndipo mwanamke mmoja mfanyabiashara wa majumba ya sinema katika jimbo la Texas alipoandika kuuliza kama watapata visa vingine vya paka yule na panya. Studio ikabadili msimamo. Yakafanyika mashindano ya kutafuta majina, na mchoraji mmoja, John Carr, akazawadiwa dola 50 kwa kupendekeza Tom na Jerry. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1958, Hanna na Barbera walitengeneza filamu 114 za wawili hao, na saba kati yake zilishinda Oscar.

Tom na Jerry hawasemi sana. Ukelele maarufu wa Tom akiumia ulitolewa na Hanna mwenyewe, na mengine yote yalielezwa na muziki wa Scott Bradley. Kwa miaka 12, aliyekuwa akizungumza mara kwa mara katika nyumba ile alikuwa mama, ambaye anajulikana kwa jina la Mammy Two Shoes. Alitokea katika filamu 19. Jina lenyewe lilikuwa mzigo: Mammy ni jina ambalo familia za weupe wa Kusini zilimpa mtumwa mwanamke aliyelea watoto wao, na ambalo baadaye lilifanywa taswira ya mwanamke mweusi mnene, mkali, mwaminifu kwa bwana wake na asiye na maisha yake mwenyewe.

Hata hivyo, anayeitazama kazi ile kwa makini huona kwamba sauti ya Lillian Randolph ilivuka mipaka ya mchoro. Mama huyu ana hasira na ana huruma. Humwita Tom kwa jina lake kamili, Thomas, kama mzazi anavyomwita mtoto aliyekosea. Hakuna bwana anayeonekana juu yake, kiasi kwamba watoto wengi waliotazama waliamini kuwa nyumba ni yake. Katika filamu ya Saturday Evening Puss ya mwaka 1950, anavaa vito na kutoka jioni kwenda kucheza karata na wenzake. Humo pia, anaporudi mbio nyumbani, uso wake unaonekana kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho.

Mabishano juu ya mkate

Katika miaka hiyo jina la Lillian Randolph lilijulikana kwa kazi nyingine. Kuanzia mwaka 1941 hadi 1957 aliigiza redioni nafasi ya Birdie, mpishi na mtunza nyumba katika kipindi cha The Great Gildersleeve, na akaichukua nafasi hiyo hadi kwenye filamu na televisheni. Mwaka 1946 alionekana katika filamu ya It's a Wonderful Life kama Annie, mtumishi ambaye, familia ya waajiri wake inapofikwa na dhiki, anajitokeza na akiba yake mwenyewe.

Birdie, Annie, Mammy Two Shoes: wote ni watumishi. Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro.

Mwaka 1942 kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, Walter White, alikwenda Hollywood kuzitaka studio ziache kuwaonyesha watu weusi kama watumishi na vichekesho tu. Hoja yake ilikuwa na uzito. Vijana weusi walikuwa wakienda vitani kwa jina la demokrasia, huku kwenye sinema wakijiona kama watu wa kusugua sakafu. Picha hizo ziliwafundisha weupe namna ya kuwatazama jirani zao.

Waigizaji weusi wakongwe, Hattie McDaniel akiwa mstari wa mbele, waliisikia hoja hiyo kwa hofu. Walijua kwamba studio, zikilaumiwa, hazingewageuza wapishi kuwa madaktari na mawakili. Zingewafuta wapishi. Aidha, waliona uchungu kuambiwa na watu wa jamii yao wenyewe kwamba kazi iliyolisha familia zao ni aibu, ilhali maelfu ya wanawake weusi walikuwa kweli watumishi wa nyumbani.

Mwaka 1946 gazeti la Ebony, lililosomwa sana na Wamarekani weusi, lilichapisha makala ya kuikosoa nafasi ya Birdie. Lillian hakunyamaza. Yeye na mmoja wa waandishi wa kipindi walilijibu gazeti hilo na kumtetea mhusika wao.

Mabishano yalizidi baada ya vita. Mwaka 1951 kipindi cha Amos 'n' Andy kilihamia televisheni, safari hii kikiwa na waigizaji weusi, na Lillian na Amanda wote wawili walikuwamo. NAACP ilipitisha azimio la kukilaani, na mwaka 1953 kikasitishwa. Hattie McDaniel alikuwa ameipokea redioni nafasi ya Beulah, na alipougua, nafasi hiyo ikachukuliwa na Lillian mwaka 1952, kisha na Amanda hadi kipindi kilipokwisha mwaka 1954. Hattie alifariki dunia Oktoba mwaka 1952.

Mwaka huo huo wa 1952 Mammy Two Shoes alionekana kwa mara ya mwisho katika filamu ya Push-Button Kitty, ambamo mama anamwondoa Tom na kumweka paka wa mitambo. Miaka miwili baadaye, nyumba ya Tom na Jerry ikawa na wenyeji wapya: mume na mke, wote weupe. Waliyoyahofia waigizaji wale yakawa. Mama mweusi hakuvuliwa aproni na kupewa vazi jingine. Aliondolewa.

Wanasema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Lakini itakuwa si haki kuishia hapo. NAACP haikuwa na nguvu ya fahali katika Hollywood, na madai yake ndiyo yaliyofungua milango ambayo waigizaji weusi wa baadaye walipitia. Kosa lilikuwa la wenye studio, ambao kati ya kumdhalilisha mtu mweusi na kumfuta hawakuiona njia ya tatu, ile ya kumwandika kama binadamu.

Kufutwa mara ya pili

Katika miaka ya 1960 filamu za zamani za Tom na Jerry zilipotayarishwa kwa ajili ya televisheni, studio iliamua kumwondoa mama hata pale alipokuwa tayari amechorwa. Katika baadhi ya filamu mahali pake pakachorwa mwanamke mweupe, mwembamba. Katika nyingine mchoro ukabaki lakini sauti ya Lillian Randolph ikafutwa, na mwigizaji mweupe June Foray akarekodi maneno mapya kwa lafudhi ya Kiayalandi. Katika miaka ya 1990 sauti ilirekodiwa tena, safari hii na mwigizaji mweusi, Thea Vidale, bila ile lahaja iliyofundishwa Detroit.

Kwa hiyo mtoto wa Nairobi, ambako televisheni ilianza mwaka 1962, na mtoto wa Dar es Salaam, ambaye alisubiri hadi mwaka 1994, huenda walitazama filamu moja wakasikia akina mama tofauti. Wala haikuwapo namna ya kujua ni nani aliyekuwa akisema.

Mwaka 2005, katika toleo la mkusanyiko wa filamu hizo kwenye diski, mwigizaji Whoopi Goldberg alitokea mwanzoni kumweleza mtazamaji kuwa taswira hizo za ubaguzi hazikuwa sahihi, lakini kuzifuta ni kujifanya kana kwamba hazikuwahi kuwapo. Mwaka 2014 maduka ya intaneti yaliyokuwa yakiziuza yaliziambatanisha na onyo la namna hiyo.

Miaka ya mwisho

Lillian Randolph aliishi muda wa kutosha kuyaona mabadiliko. Dada yake, Amanda, ambaye mwaka 1948 alikuwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kuwa na kipindi chao wenyewe katika televisheni ya Marekani, alifariki dunia mwaka 1967. Binti yake, Barbara Randolph, akawa mwimbaji wa kampuni ya muziki ya Motown, na mwaka huo wa 1967 akaonekana katika filamu ya Guess Who's Coming to Dinner.

Lillian mwenyewe aliendelea kufanya kazi akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70. Mwaka 1977 alikuwa mmoja wa waigizaji wa Roots, tamthilia iliyotokana na kitabu cha Alex Haley, iliyofuatilia familia moja kutoka Gambia hadi utumwani Marekani. Katika tamthilia hiyo aliigiza nafasi ya mwanamke mtumwa, Sister Sara. Aliyefundishwa kuiga utumwa kwa ajili ya kuchekesha, sasa aliuigiza ili ukweli wake ujulikane, na uso wake ulionekana.

Mwanzoni mwa mwaka 1980 aliingizwa katika orodha ya heshima ya watengenezaji filamu weusi wa Marekani. Alifariki dunia tarehe 12 Septemba mwaka huo kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 81. Alizikwa katika makaburi ya Forest Lawn, Hollywood Hills, kando ya dada yake.

Msikilizaji wa redio anaijua hali ya kuizoea sauti ya mtu kwa miaka mingi bila kuwahi kumwona, na siku inapopotea, kuuliza amekwenda wapi. Katika nakala za zamani za filamu zile, ambazo hazikuguswa, sauti hiyo bado imo. Chombo kinavunjika, kimya kinatanda, miguu miwili inatokea mlangoni, na paka anaitwa kwa jina lake kamili. Aliyekuwa akimwita ni Lillian Randolph, binti wa mhubiri na mwalimu kutoka Tennessee.